Uji wa Mama Helvi na Mtihani wa Veijo

Kila asubuhi Veijo Tolvanen alimpikia mama yake uji wa shayiri.

Mama Helvi aliishi chumba cha chini katika nyumba ya Veijo. Alikuwa mzee sana, na kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kumkimbia. Siku ya leo hakuijua. Mkwewe, Marjut, alimwita kila jina isipokuwa lake. Lakini sauti ya mwanawe hakuisahau. Veijo akimlisha, alikula. Mtu mwingine akimlisha, alifunga mdomo na kutazama dirishani.

Marjut alishajaribu mara nyingi. Yeye ni muuguzi, na wagonjwa wakaidi amewazoea. Kwa mama mkwe wake aligonga mwamba.

"Zamu gani leo?" Mama aliuliza, kama alivyouliza kila siku.

"Ya asubuhi, Mama."

"Basi kimbia. Usiwacheleweshe wenzako."

Veijo alicheka, akavaa koti, akapanda baiskeli kwenda kiwandani. Baba yake naye alifanya kazi katika kiwanda hichohicho cha karatasi. Hata Mama Helvi aliwahi kufunga marobota ya karatasi pale. Katika mji wetu wa Kuusilampi, watu hawakuulizana saa. Waliulizana zamu.

Mimi ni mwalimu wa watu wazima hapa mjini. Veijo namjua tangu zamani, na mwenyewe ameniruhusu niseme habari zake. Alisema, "Sema tu, hakuna kikubwa." Ukisoma hadi mwisho utajua kwa nini jibu hilo linanikera.

Alhamisi moja mwezi wa Februari, wafanyakazi wote waliitwa kwenye ukumbi wa chakula. Alhamisi kwetu ni siku ya supu ya njegere na chapati za maji zenye jamu. Mkurugenzi alisimama mbele, akakohoa. Akasema karatasi za magazeti hazinunuliwi tena kama zamani. Mashine namba nne itazimwa. Wanaoiendesha watapoteza kazi.

Hakuna aliyepiga kelele. Huku kwetu watu hawapigi kelele. Lakini chapati za maji zilibaki mezani zote, na jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea.

Jioni Veijo alimwambia mkewe.

"Wanafunga mashine."

"Ipi?"

"Namba nne."

"Yako," Marjut alisema.

"Yangu."

Wakanywa kahawa. Kila mmoja alijua mwenzake anawaza nini.

Kampuni iliwapa notisi. Msimamizi wa chama cha wafanyakazi aliwaeleza haki zao. Katika muda wa notisi, mfanyakazi anapata siku za kutafuta kazi huku analipwa. Anaweza kwenda ofisi ya ajira, kuonana na mshauri, au kutembelea waajiri. Veijo alisikiliza yote na kuitikia kwa kichwa. Kisha siku hizo akazitumia kupasua kuni.

Marjut alichungulia nyuma ya nyumba, akakuta rundo limefika kwenye paa la banda.

"Hizo kuni ndizo zitakazokuajiri?" aliuliza.

"Kuni ni kuni."

"Na kazi ni kazi, Veijo."

Hata hivyo, jambo moja alilifanya sawasawa. Siku ya kwanza ya kukosa kazi alijiandikisha kwenye ofisi ya ajira. Marjut alimsimamia kama mtoto anayepiga mswaki. Mtu akichelewa kujiandikisha, posho yake ya kukosa kazi nayo huchelewa, na hakuna wa kumlaumu.

Asubuhi hiyohiyo Veijo alishuka na bakuli la uji.

"Zamu gani leo?" Mama aliuliza.

Veijo aliweka bakuli mezani. Kumdanganya mama yake hakuweza.

"Leo nipo tu, Mama."

Mama Helvi alimtazama. "Unaumwa?"

"Hapana."

"Basi sogea hapo. Unaniziba mwanga."

Wiki ile simu iliita. Alikuwa Kauko, kaka yake Marjut, ambaye anafanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu kule kaskazini.

"Njoo huku," Kauko alisema. "Wanatafuta watu. Wiki mbili unakaa mgodini, wiki moja unarudi nyumbani. Mshahara ni mzuri. Lakini nijibu kabla mwezi haujaisha, maana wengine wanapanga foleni."

"Nitafikiri," Veijo alisema.

Alifikiri. Wiki mbili mbali na nyumbani. Marjut ana zamu zake hospitalini, na hata akiwepo, Mama hali mkononi mwake. Mama angepelekwa kwenye makao ya wazee. Huko kuna watu wema, hilo Veijo alilijua. Lakini alijua pia kwamba Mama angefunga mdomo na kutazama dirishani. Mwaka juzi Veijo alipolazwa, Mama alikonda hadi pete ikamtoka kidoleni.

Lilikuwa limebaki tumaini moja, ofisi ya ajira.

Mshauri aliitwa Noora Hietala. Alimkaribisha vizuri, akamvutia kiti.

"Bwana Veijo, kiwandani ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa kwenye mashine tu."

"Ulifanya nini hasa?"

"Mambo ya kawaida."

"Umewahi kutumia kompyuta?"

"Si sana."

"Umewahi kuongoza au kufundisha wenzako?"

"Hapana. Tulikuwa tunafanya pamoja."

"Una cheti chochote cha ufundi?"

"Sina. Niliingia kiwandani nikiwa kijana."

Noora alisubiri. "Kuna kitu kingine ungependa nikijue?"

"Hapana," Veijo alisema. "Hivyo inatosha."

Hapa naomba niseme wazi, maana hasira yangu iko hapa. Sisi watu wa huku tunafundishwa tangu utotoni tusijisifu. Mama anayeoka mkate bora kuliko wote mtaani husema, "Samahani, umeungua kidogo." Mtu anayeogelea ziwa zima husema huwa anajilowesha tu. Kwenye meza ya kahawa tabia hiyo inapendeza. Kwenye ofisi ya ajira ni balaa.

Noora alifanya kazi yake kwa maneno aliyopewa. Veijo alikuwa amempa maneno machache, tena ya kinyonge.

"Kwa niliyoyasikia," alisema, "naona uanze mafunzo ya ufundi tangu mwanzo. Ni miaka mitatu, na chuo kiko mji mkuu wa mkoa. Utakaa bweni. Nenda ukafikiri, kisha urudi tuzungumze."

"Sawa," Veijo alisema.

Njiani hakuona mtu wala mti. Bweni, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili! Kama ni kuondoka nyumbani, bora mgodini. Mgodini angalau kuna mshahara.

Alipofika nyumbani alimkuta Irmeli jikoni. Irmeli ni jirani yao, dereva wa basi la shule. Zamani naye alikuwa kiwandani, akapunguzwa katika wimbi la kwanza. Mdomo wake hauna breki kama basi lake lilivyo nazo. Alikuwa ameleta mikate mitamu ya iliki, na Marjut alikuwa akiosha vyombo.

"Haya, shemeji," Irmeli alisema. "Za ofisini?"

"Za hukohuko."

"Wamekupa nini?"

"Kozi ya miaka mitatu. Mbali."

"Kozi ya nini?"

"Ya kuanza."

"Kuanza? Wewe?" Irmeli aliweka kikombe chini. "Hebu subiri kwanza. Ulimwambia nini huyo mshauri?"

"Ukweli."

"Ukweli gani?"

"Kwamba nilikuwa kwenye mashine."

Marjut aligeuka, mikono imejaa povu. "Ulimwambia hivyo tu?"

"Ulitaka nijisifu?"

"Nilitaka useme!" Marjut alisema kwa sauti. Katika nyumba ile sauti kubwa ilikuwa jambo geni, na wote watatu walishtuka. Lakini hakunyamaza. "Mama yako anakula mkononi mwako peke yako, Veijo. Ukienda mgodini, nani atamlisha? Utamwacha afe njaa kwa sababu umeshindwa kufungua mdomo?"

Veijo alitazama meza. Aliona aibu. Chini ya aibu hiyo kulikuwa na kitu kingine, na safari hii alikitoa.

"Naogopa," alisema. "Tangu nizaliwe sijawahi kuomba kazi. Kiwandani nilichukuliwa kwa sababu ya baba. Labda kweli hakuna ninachokijua."

Marjut alikausha mikono, akaja kukaa karibu naye.

Irmeli alisukuma sahani ya mikate. "Kula. Nami nikwambie yangu. Mimi nilikuwa maabara, si unakumbuka? Nilipima rojo la kutengenezea karatasi, nilipima kemikali, nilipima maji ya mto. Nilipoulizwa ofisini ninajua nini, nikasema, 'Nilikuwa naosha chupa.' Unajua wakanipeleka wapi?"

"Wapi?"

"Kozi ya kupamba maua!"

Marjut alicheka hadi akashika mbavu.

"Mpaka leo ua likiniona linanyauka," Irmeli alisema. "Ikabidi nirudi kwa mshauri, nimwambie yote upya. Hata kwamba nilikuwa naendesha gari la zimamoto la kiwanda. Hapo ndipo akaniona dereva. Wakanipeleka kusomea basi, na haya ndiyo maisha yangu. Shemeji, mshauri hapigi ramli. Usiposema, hajui."

"Lakini kujisifu..."

"Nani kakwambia ujisifu? Kujisifu ni kusema wewe ni bora kuliko wenzako. Wewe sema ulichofanya, basi. Haya, nieleze zamu yako ya mwisho ya usiku. Ulifika, halafu?"

"Nikampokea mwenzangu. Tukaangalia skrini."

"Skrini za nini?"

"Za kuendeshea mashine. Joto, mkandamizo, kasi, kemikali. Zote ziko pale."

"Na ofisini ukasema kompyuta hujui!"

"Zile ni skrini," Veijo alisema.

"Ee Mungu, nipe subira. Halafu?"

"Halafu pampu ya rojo ikaanza kulia vibaya. Nikawasha ile ya akiba, nikaizima hiyo mbovu kabla haijaharibika. Nikawapigia simu mafundi."

"Mafundi wa wapi?" Marjut aliuliza.

"Wa Sweden. Walikuwa hawajaamka vizuri."

"Mliongea lugha gani?"

"Kiswidi."

Wanawake wale wawili walitazamana.

"Na yule kijana mgeni, aliyeanza mwaka jana?" Irmeli aliuliza.

"Nilikuwa namwonyesha kazi."

"Shemeji, kumwonyesha mtu kazi, siku baada ya siku, mpaka akaweza mwenyewe, kunaitwaje?"

Veijo alifikiri. "Kufundisha?"

"Haleluya!" Irmeli alisema, akachukua mkate mwingine.

Kisha akamweleza kwa utaratibu. Ujuzi ambao mtu ameupata kazini unaweza kutambuliwa rasmi. Si lazima asome upya kile anachokijua. Anapimwa kwa vitendo, mahali pa kazi, mbele ya wapimaji. Anachokiweza anakionyesha. Kinachopungua ndicho anachosomea. Kwa hiyo mafunzo ya miaka mitatu yanaweza kuwa ya miezi michache.

"Na jambo la pili," Irmeli alisema. "Usianze kozi yoyote kabla hamjakubaliana na ofisi. Binamu yangu alijiandikisha chuoni kimyakimya, akidhani anafanya la maana. Posho ikasimama. Uliza kwanza, kubalianeni, ndipo uanze."

Kesho yake Veijo aliomba nafasi nyingine kwa Noora. Alikwenda amevaa shati la harusi, maana Marjut hakumpa lingine.

"Naomba tuanze upya," alisema mlangoni. "Juzi sikueleza vizuri."

"Nimefurahi umerudi," Noora alisema. "Karibu. Tuna muda."

Veijo alieleza zamu ile ya usiku, kutoka mwanzo hadi mwisho. Jasho lilimtoka. Alitazama zaidi viatu vyake kuliko uso wa Noora. Lakini alisema yote: skrini, pampu, vali, kemikali, Kiswidi, na yule kijana aliyemfundisha. Alimpa pia barua ya kiwanda inayoonyesha kazi alizofanya.

Noora aliacha kuandika, akamtazama. "Bwana Veijo, mtu niliyezungumza naye juzi alikuwa nani?"

"Mimi."

"Na huyu wa leo?"

"Mimi pia," Veijo alisema, akatabasamu kidogo.

Noora alimwelezea alichokiona. Kituo cha kusafisha maji taka cha mji kilikuwa na mwendeshaji mmoja wa mitambo aliyekaribia kustaafu, mzee Reino. Kazi ya kituo ni pampu, vali, vipimo na kemikali, kama kiwandani. Veijo angehitaji kusomea mambo machache tu: vijidudu vinavyosafisha maji, sheria za afya, na usalama. Masomo yapo papa hapa Kuusilampi, kwa kipindi kimoja cha baridi. Siku nyingine angekuwa kituoni akijifunza kwa vitendo. Posho ingeendelea, kwa kuwa mpango umekubaliwa na ofisi. Mwishoni angefanya mtihani wa vitendo.

"Nikifaulu, nitapata kazi?" Veijo aliuliza.

"Siwezi kukuahidi kazi," Noora alisema. "Ninachokupa ni njia. Lakini kituo kinatafuta mtu, na cheti utakuwa nacho."

Hapo palikuwa pagumu. Mgodini kazi ilikuwa ya uhakika. Hapa hakuna ahadi, na Kauko alikuwa anasubiri jibu. Usiku ule Veijo na Marjut walikaa kwenye sauna, chumba chao cha kuogea mvuke, hadi mawe yakapoa. Sijui walisemezana nini, wala si juu yangu kujua. Asubuhi Veijo alimpigia shemeji yake.

"Kauko, asante. Siji."

"Huji?" Kauko alisema. "Unakataa dhahabu ukachote maji ya vyoo?"

"Vyoo viko karibu na nyumbani."

Kauko alicheka, na hawakukosana.

Majira ya vuli Veijo aliingia darasani kwangu. Alikaa safu ya nyuma na wenzake watatu kutoka kiwandani, wote wamekunja mikono. Hesabu za vipimo alizielewa kabla sijamaliza kuziandika ubaoni. Lakini hakunyanyua mkono hata mara moja. Nikimuuliza, alijibu kwa neno moja, nalo lilikuwa sahihi.

Mama Helvi hakuacha swali lake.

"Zamu gani leo?"

"Leo naenda shule, Mama."

"Shule? Na mvi hizo?"

"Na mvi hizi."

"Basi futa kamasi, usiniaibishe."

Kituoni, mzee Reino alimpenda mapema. Reino ana ndevu nyeupe zinazofika kifuani, na husema kidogo kama Veijo. Siku nzima walifanya kazi bega kwa bega wakibadilishana maneno ya kujaza kiganja. Wote wawili waliridhika sana. Mimi ndiye niliyeingiwa na wasiwasi.

"Veijo," nilimwambia baada ya somo, "mtihani huu haupimi mikono peke yake. Wapimaji wanataka kusikia kwa nini unafanya unachofanya. Lazima useme kwa sauti huku unafanya kazi. Ukinyamaza, hatuwezi kukupa alama kwa mambo yaliyobaki kichwani."

Alibadilika rangi. "Kusema, muda wote?"

"Muda wote."

"Na Reino atakuwepo?"

"Reino ndiye mpimaji mwenzangu."

Alienda nyumbani amenyong'onyea. Marjut ndiye aliyepata dawa.

"Fanya mazoezi kwa Mama," alisema. "Asubuhi, unapopika uji. Mweleze kila unachofanya na sababu yake."

"Uji?"

"Una maji, una moto, una kipimo, na mtu wa kukuuliza maswali. Unataka nini zaidi?"

Basi asubuhi iliyofuata Veijo alihamishia sufuria kwenye jiko dogo la chumba cha chini. Mama alikaa kitini, anatazama.

"Kwanza naweka maji, Mama," Veijo alianza, masikio yamemwiva. "Nayaacha yachemke. Sasa namimina shayiri polepole."

"Kwa nini polepole?"

"Ikimwagwa yote mara moja, itafanya mabonge."

"Na moto, mbona umeupunguza?"

"Ukiwa mkali, chini utaungua na juu utabaki mbichi."

"Chumvi?"

"Mwishoni."

"Mwishoni! Nani kakufundisha?"

"Wewe, Mama."

"Ahaa," Mama Helvi alisema. "Basi ni sawa."

Kesho yake Mama alikuwa amesahau, akauliza yote upya. Na keshokutwa tena. Mwalimu yeyote angechoka. Mimi nakiri ningechoka. Lakini Veijo alijibu kila asubuhi kama mara ya kwanza, na kila asubuhi sentensi zake zilirefuka. Baadaye akaingiza mambo ya kituoni. Alimweleza mama yake kwamba vijidudu vinavyokula uchafu vinahitaji hewa, na hewa ikipungua vinakufa, na maji machafu yanakwenda ziwani.

"Ziwani ambako watoto wanaoga?" Mama aliuliza kwa ukali.

"Hukohuko."

"Basi ongeza hewa, mjinga we!"

"Ndiyo, Mama."

Mtihani ulifanyika mwezi wa Machi, theluji ikiwa bado imejaa uani. Tulikuwa watatu kwenye ukumbi wa mitambo: Veijo, Reino, na mimi. Veijo alitakiwa kukagua kituo, kupima maji, na kurekebisha hewa katika tangi kubwa.

Alianza vizuri, kwa mikono. Alikagua pampu ya kwanza. Akakagua ya pili. Alichota maji, akayapima, akasoma skrini, akagusa vali. Kila kitu kilikuwa sawa, na kimya kilikuwa kama cha kanisani siku ya Jumatatu. Kalamu yangu ilikuwa haijaandika kitu. Roho iliniuma, maana nilijua anachokijua, na nilijua nini kinamsubiri mama yake akishindwa. Kumsaidia sikuruhusiwa.

Reino alikohoa. "Mikono naiona," alisema. "Kichwani siwezi kuingia. Sema, Veijo."

Veijo alisimama mbele ya tangi. Masikio yalimwiva. Kisha akavuta pumzi, akatazama maji yanayotokota kwa hewa.

"Kwanza nasikiliza maji, Mama," alisema.

Alishtuka kusikia alichosema. Mimi nilijiuma mdomo nisicheke. Lakini mzee Reino, na ndevu zake zote, hakutikisika.

"Endelea, mwanangu," alisema.

Na Veijo akaendelea. Alisema anasikiliza kwa sababu hewa ikiwa haba, sauti ya tangi hubadilika kabla kipimo hakijaonyesha. Alisema anaongeza hewa polepole, si kwa pupa, kwa sababu nyingi mno hupasua tope ambamo vijidudu huishi na kupoteza umeme. Alisema anapima tena baada ya muda, kwa sababu vijidudu havifanyi kazi kwa amri ya mtu. Reino aliuliza, naye akajibu. Nikauliza, akajibu. Alizungumza hadi sauti ikamkauka. Mwishowe aligeuka akatwambia, bila kuulizwa, kwamba maji hayo yanakwenda ziwani, na ziwani watoto wanaoga.

Reino alivua glovu, akampa mkono.

"Nilidhani nitastaafu kwa wasiwasi," alisema. "Sasa naweza kwenda kuvua samaki."

Veijo alifaulu. Mji ulimwajiri mwanzoni mwa majira ya joto. Miezi ya kwanza ofisi ya ajira ilichangia sehemu ya mshahara wake, ili kituo kipate nafasi ya kumzoeza bila hasara. Wenzake watatu wa safu ya nyuma nao walirudi kwa Noora kueleza upya kazi zao. Mmoja sasa anatunza mitambo ya kupasha joto majumba. Wawili bado wanasoma. Si kila mmoja amepata njia fupi kama ya Veijo, na sitaki kumdanganya mtu. Lakini hakuna tena anayesema alikuwa kwenye mashine tu. Nikilisikia neno hilo "tu" darasani kwangu, namwita mtu ubaoni aeleze zamu yake nzima.

Asubuhi ya kwanza ya kazi, Veijo alishuka ngazi na bakuli la uji. Jua lilikuwa limejaa chumbani. Alikuwa amevaa koti jipya la kituo. Marjut alisimama mlangoni, amechelewa kwenda kazini kwa makusudi.

Mama Helvi alimtazama mwanawe kutoka juu hadi chini.

"Zamu gani leo?"

"Ya asubuhi, Mama."

Marjut alifuta macho kwa mkono wa koti.

"Na kazi unaijua?" Mama aliuliza.

Zamani angejibu, "Kidogo." Veijo alijaza kijiko, akakipoza kwa pumzi.

"Naijua, Mama. Naijua vizuri."

Mama Helvi alimkazia macho.

"Usijisifu," alisema, akafungua mdomo apewe uji.